Maranda Yasiyofika Jikoni

Dismasi aliirudisha randa ikiwa imenyooka, na uso wake umekunjuka kwa furaha.

"Mwakeye!" alisalimia akiingia uani, ameinyanyua ile randa juu kama mtu aliyeshinda zawadi kwenye mpira. "Shemeji, njoo uone. Sasa hii ndiyo randa!"

Elida alikuwa akimlisha mumewe uji. Kijiko kilibaki njiani. Aliitambua randa kwa wekundu wa mbao yake na kwa mpasuko mdogo pale kisiginoni, lakini tumbo lake halikuwepo tena. Jana ilikuwa na tumbo lililobinuka kwa chini, ukiiweka mahali inayumba mbele na nyuma. Leo Dismasi aliitua juu ya mfuniko wa ndoo, ikatulia tuli.

"Umeifanyaje?"

"Nimeipitisha kwenye mashine, pale Mwanga. Yule kijana ananijua, hakunitoza hata mia. Bwaa! Mara moja tu, kilema kimekwisha." Aliipapasa kwa chini. "Huyo mama anakuja kesho kununua, shemeji. Ungemwonyesha kitu kimepinda namna ile? Nadhani ilinyeshewa, mbao ikavimba."

"Haikunyeshewa. Ndivyo ilivyokuwa siku zote."

"Basi ilikosewa tangu siku ya kwanza."

Kwenye kiti chake cha plastiki, Feliksi alisema, "Haya."

Tangu kiharusi kimpige kabla ya Pasaka, hilo ndilo neno pekee lililobaki kinywani mwake. Zamani alikuwa akilisema kutwa nzima kila anapoisukuma randa, haya, haya, na labda ndiyo maana halikupotea na mengine. Siku hizi njaa ilikuwa haya, mbu haya, jirani anayesalimia haya. Waliomzoea walisikiliza sauti, neno wakaliacha. Lakini hii ya sasa Elida hakuwahi kuisikia. Ilitoka chini kabisa, nyembamba, na uji ukamtoka pembeni mwa mdomo ukateremka kidevuni upande ule usiosikia kitu.

"Unaona? Kafurahi," alisema Dismasi.

Elida alichukua kitambaa akamfuta mumewe. Dismasi alikuwa ametoka Kalinzi na mkungu wa ndizi na debe la maharage, amelala sebuleni kwenye mkeka, amemwogesha kaka yake asubuhi bila kuombwa. Mtu akikuharibia kwa moyo mweupe namna hiyo, jamani, hata pa kulalamikia huna. Unabaki na hasira yako mkononi, huna pa kuiweka.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi, wala si marefu. Mzee Mwinshehe, mwenye nyumba, alikuwa na mpangaji mwingine aliyekuwa tayari kulipa kodi mapema. Alikuja mwenyewe kulisema hilo, kwa upole, kofia mkononi. Akasema Fundi Feliksi ndiye aliyemtengenezea milango yote ya nyumba ile na haoni raha kumtoa, ila naye ana wajukuu wa kusomesha. Angesubiri kodi yao mpaka mwisho wa mwezi. Ikishindikana, Dismasi angemchukua kaka yake wakakae Kalinzi.

Na Kalinzi si kubaya. Kuna ndizi, kuna hewa, kuna ndugu. Lakini nyumba ya Dismasi iko mgongoni mwa mlima. Bodaboda inakuacha chini, kisha unapanda kwa miguu. Mtu wa nusu mwili ukishampandisha kule umempandisha. Kushuka tena kwenda hospitali mjini kwa mazoezi ya viungo ni hadithi nyingine. Na wiki iliyopita, pale kwenye mazoezi, kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimecheza. Kidogo tu. Dada wa mazoezi alipiga makofi, akasema, "Mama, msiache. Mkiacha sasa, kinalala tena."

Msumeno wa mashine ulishauzwa. Jiriwa ilikwenda, keekee ikaenda, mbao za mninga zilizokuwa zikikauka darini zikaenda kwa bei ya kuni. Limebaki sanduku la randa za zamani, zile ambazo Feliksi aliachiwa na Mzee Amosi, fundi aliyemfundisha kazi, aliyekuja nazo akivuka ziwa kutoka Kongo. Mafundi wa siku hizi hawakuzitaka. Aliyezitaka ni Bi Catherine, mama wa mjini anayenunua vitu vya kale na kuvipeleka kwenye mahoteli vikapambe kuta. Alikuja, akazipiga picha moja moja juu ya mkeka, akataja bei, akasema atarudi.

Mchana ule alipiga simu. Happiness, binti yao, alikuwa amerudi kutoka Katonga kwenye dagaa, magamba bado mikononi, akaiweka simu ya mama yake sauti ya juu.

"Mama, mteja wangu amezipenda sana," ilisema simu. "Hasa ile yenye tumbo, ile nyekundu. Anasema hajawahi kuona kama ile. Sasa ninachotaka kesho, kila moja mniambie jina lake na kazi yake. Hii ya nini, hii ya nini. Bila maelezo ni mbao tu, hazichukui. Mmenipata?"

Elida alimtazama Dismasi. Dismasi aliitazama ile randa juu ya mfuniko wa ndoo.

"Tumekupata, mama," alisema Elida, na simu ikakata.

Kisha Dismasi akavuta kigoda, akakaa, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mimi," alisema. "Mimi, shemeji, nikatwe mikono."

"Nani atamwogesha kaka yako basi?" alisema Happiness, na baba yake mdogo akacheka huku machozi yanamlengalenga.

*

Sanduku lilifunguliwa juu ya mkeka, chini ya ukuta unaotoa kivuli. Zilikuwa randa za kila namna na nyingine za ajabu. Kulikuwa na ndefu kama mkono mzima, na fupi ya kuenea kiganjani. Moja haikuwa na pua, kisu kimekaa mbele kabisa. Nyingine imekatwa kisu mshazari. Nyingine ina ubavu wa pili unaotembea kwa skrubu za mbao. Dismasi aliombwa aseme anachojua.

"Hii ya kuranda," alisema akionyesha ndefu. "Na hii ya kuranda. Hii nayo..." Aliigeuzageuza ile isiyo na pua. "Hii imevunjika."

"Usiipeleke Mwanga," alisema Happiness.

Feliksi alikuwa anatazama kutoka kwenye kiti. Elida alimnyanyulia randa moja baada ya nyingine, akauliza: ya milango? Ya viti? Ya madirisha? Haya, haya, haya. Alijaribu kusema, hilo lilionekana. Shingo ilimvimba, jicho zima likalowa, kisha likatoka lilelile. Mara ya nne au ya tano aligeuza uso ukutani. Elida akajiona mkatili, anamhoji mgonjwa kama askari. Alichoka. Alichoka mpaka kwenye meno. Akaichukua ile ndefu, akaokota kipande cha ubao kilichokuwa kinazuia mlango wa banda la kuku, akamwambia Happiness akishike, akaisukuma randa yeye mwenyewe, si kwa kujua, kwa hasira tu.

Kisu kilikuwa bado kikali. Feliksi hakuwahi kufunga kazi bila kunoa. Ilitoka taka moja ndefu ya ubao, pana, laini, ikajikunja juu ya mkono wa Elida ikaanguka mkekani.

Elida aliitazama. Akaiokota.

"Hii naijua," alisema.

"Unaijua wapi?" aliuliza Happiness.

"Jikoni. Hii ni ya milango. Inawaka haraka, haifai kwa maharage, utaongeza mpaka uchoke. Nilikuwa naipikia uji."

Maana kila jioni ya miaka yote ile Feliksi alirudi na kiroba cha maranda, taka hizo za ubao, begani, na Elida akapika nayo. Wanawake wenzake walinunua mkaa, yeye akapika kwa kazi ya mumewe. Hakuwahi kukanyaga karakana zaidi ya kupeleka chakula, hakujua jina la chombo hata kimoja, lakini alijua leo Feliksi ameranda nini kabla hajavua viatu. Na Feliksi akila husimulia: leo nilikuwa na madirisha ya padri, leo kabati la mwalimu, leo mbavu za boti pale Katonga. Mkono wa Elida uko kwenye kiroba, sikio liko kwa mumewe.

Akachukua ya pili. Ile yenye ubavu wa kutembea ilitoa uzi mwembamba, mgumu, wenye kingo sawa. "Hii ya kuchimba mfereji. Pale vioo vinapoingia, na mbao za chini za droo. Nilikuwa nawashia mkaa nikiwa nao, uzi wake unashika moto kwa kiberiti kimoja."

"Haya!" alisema Feliksi, na hii kila mtu aliielewa.

Isiyo na pua ilitoa vipande vifupi vilivyokatika. Ya kwenye pembe, alisema Elida, kabati la mwalimu lilikuwa na pembe nyingi, nilipata kiroba kizima cha uchafu huu nikamlalamikia. Feliksi alicheka kwa nusu ya mdomo. Ya kisu cha mshazari ilitoa maranda yaliyojisokota kama parafujo. Hiyo ni ya mbao zenye nyuzi za kukaidi, mninga wenye kifundo. Ya kisu cha duara ilitoa magamba manene, ya kupunguza ubao mbichi. Na ile nyekundu ya Dismasi, Elida aliishika tu bila kuisukuma. Aliyakumbuka maranda yake. Mafupi, mazito katikati na membamba kwenye ncha, yalikuja wakati wa msimu wa maboti, nayo ndiyo yalikuwa mazuri kuliko yote kwa maharage.

"Hii ilikuwa inaingia ndani ya kitu kilichobonyea," alisema polepole. "Ubavu wa boti. Mgongo wa kiti. Nyoofu haifiki huko."

Dismasi aliinamisha kichwa.

*

Ikabaki moja. Ndogo, nyeusi kwa mafuta ya mikono, nyembamba kuliko zote, na upande wa chini haukuwa bapa wala tumbo: ulikuwa umechimbwa kijito kidogo cha mviringo katikati, na kingo mbili kali kila upande. Kisu chake kilikatwa umbo hilohilo. Chuma kilikuwa na mhuri wa jogoo, na maandishi yaliyokwisha kulika.

"Hii sasa," alisema Happiness.

Elida aliisukuma ukingoni mwa ubao. Ilikuwa ngumu, ikagoma, akaisukuma tena. Mara ya tatu ikakubali, na ubaoni ukabaki mstari mmoja ulionona, duara jembamba kati ya mifereji miwili, mzuri kwelikweli. Kilichotoka mdomoni mwa randa kilikuwa utepe mwembamba wenye mgongo katikati, kingo zake zimejikunja kama upindo wa gauni.

Elida aliutafuta kichwani. Uji, hapana. Maharage, hapana. Migebuka, samaki wa kukausha, hapana. Hakuwahi kuupikia hata siku moja.

"Hii hakuwahi kuleta nyumbani," alisema.

Alipoinua macho, Feliksi hakuwa anamtazama. Alikuwa ameitazama ile randa na jicho lake zima linavuja. Hakusema haya.

"Baba?" aliita Happiness.

Ndipo vidole vya Elida vikakumbuka kabla yake. Utepe ule alishawahi kuushika. Si jikoni. Aliuchomoa kwenye nywele.

Leonia, mtoto wao wa kwanza, hata shule alikuwa hajaanza. Homa ilimchukua kati ya asubuhi na jioni. Kesho yake, nyumba ikiwa imejaa wanawake na nyimbo, Feliksi hakuonekana. Waliketi wanaume wote uani, baba wa marehemu hayupo, yuko karakana. Watu walinong'ona. Hata kuchonga jeneza, mbona mafundi wenzake wangechonga? Hata kama anachonga yeye, kitu kidogo vile kinachukua siku nzima? Alirudi jioni na jeneza kichwani, macho makavu, akaliweka chini akaenda kunawa. Elida alipomwinamia mwanawe mara ya mwisho aliona amelazwa juu ya maranda, maranda membamba yamejaa chini ya shuka mpaka kwenye mto, na mojawapo limeng'ang'ania kwenye nywele zake. Alilichomoa. Lilikuwa na mgongo katikati. Akaliacha lianguke, kwa sababu wakati huo hakuna kitu duniani kilichokuwa na maana.

Maranda ya jeneza mafundi hawayapeleki jikoni. Yanatandikwa humohumo, alale nayo mwenyewe. Elida alilijua hilo. Kila mke wa seremala analijua. Ambacho hakujua ni kwamba mumewe alikuwa na randa yake ya kazi hiyo, na kwamba siku ile nzima alikuwa anazungushia kijistari hicho chenye pindo ukingoni mwa kifuniko cha jeneza la bintiye, kidogo kidogo, apate maranda ya kutosha kumlaza.

"Ulikuwa unamtandikia," alisema Elida.

Feliksi alifumba jicho.

"Miaka yote hii nimekuona una moyo wa jiwe. Nimekuchukia, Feliksi. Nakupikia huku nimekuchukia. Kwa nini hukuniambia wakati una mdomo?"

Dismasi aliinuka akaenda kuwatazama kuku ambao hawakuwa na shida yoyote. Happiness, aliyezaliwa baadaye na aliyemjua dada yake kwa jina tu, alibaki ameshika ubao. Mama yake alimsogelea baba yake, akapiga magoti, akaegemeza kichwa kwenye goti lisilosikia. Walilia hivyo, kila mmoja kwa namna aliyobakiwa nayo. Kisha uji wa jioni ukahitaji kupikwa. Elida aliokota ule utepe, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, akayakusanya maranda mengine yote ya siku ile akawashia moto.

*

Bi Catherine alifika asubuhi na gari, amevaa miwani mikubwa, kijana wa mizigo yuko nyuma. Alikuwa mtu wa haraka lakini si mbaya. Aliamkia, akapokea chai, akaisifu. Ila alipomwongelea Feliksi alimwongelea akimtazama Elida.

"Huyu mzee anasikia?"

"Anasikia vizuri."

"Pole yake. Ndiye alikuwa anazitumia?"

"Ndiye."

Waliendelea vizuri mpaka kwenye ile nyekundu. Elida alieleza kama alivyotayarisha, huku Bi Catherine amemnyooshea simu anamrekodi: hii ya milango, hii ya mifereji, hii ya pembe. Bi Catherine alisema safi sana, safi sana. Kisha akasimamisha simu.

"Yenye tumbo iko wapi?"

"Ndiyo hiyo," alisema Elida.

Aliigeuza. Akatoa picha kwenye simu, akalinganisha. Akavua miwani. "Hapana, mama. Mmebadilisha."

"Ndiyo yenyewe. Ilinyooshwa."

"Ilinyooshwa na nani?"

"Na mimi, mama," alisema Dismasi kutoka mlangoni, ameishika kofia kifuani. "Nilidhani nasaidia."

Bi Catherine aliwatazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua adabu. "Nyie watu! Mtu anakuletea riziki mpaka mlangoni, unaichukua unaipeleka mashineni? Mzee wangu, hiki ndicho kitu mteja wangu alichokuwa anakitaka! Hizi nyingine zipo, zinapatikana. Sasa nimwambie nini mimi?"

Dismasi, mtu mzima, baba wa watoto, alisimama akakemewa. Elida alitazama miguu yake mwenyewe. Kuna aibu ambazo hata si zako unazibeba kwa kuwa umekaa karibu.

Bi Catherine alianza kufunga kikapu chake. Kijana wa mizigo akainuka. Ndipo jicho la Bi Catherine likaangukia ile ndogo nyeusi, ambayo Elida alikuwa ameiweka pembeni ya mkeka, nusu imefunikwa na kitenge. Si kwamba aliificha. Lakini hakuiweka mbele.

"Na hii?"

Bi Catherine aliichukua, akapitisha kidole kwenye kijito chake, akasoma mhuri, akauona na ule mstari kwenye kipande cha ubao cha banda la kuku.

"Hii sijawahi kuiona," alisema. "Hii nzuri. Hii inaweza kuokoa sanduku zima. Ngoja kwanza. Mzee ashike, nimpige picha."

Kabla Elida hajasema, Bi Catherine alikwishamwekea Feliksi randa mapajani, akauchukua ule mkono wa kulia uliokufa, akaulaza juu yake, akavipanga vidole kimoja kimoja kama mtu anayepanga maua. "Mzee, tabasamu kidogo. Hivyo hivyo. Tena."

Elida alitaka kumpokonya. Alishainua mkono. Lakini akaona kitu ambacho Bi Catherine, aliyekuwa anatazama kioo cha simu, hakukiona. Kidole gumba kilikuwa kimesogea. Kiliteleza taratibu juu ya mgongo mweusi wa randa, kikapatafuta, kikaingia kwenye shimo dogo lililolika kwa miaka, mahali pake, kikatulia pale. Feliksi alikuwa amekitazama yeye pia. Kisha akamtazama mkewe.

"Haya, sasa nisikilize, mama," alisema Bi Catherine akiinua simu kurekodi. "Nipe hadithi yake. Ya kweli kabisa, usione haya. Watu wa mahoteli wanapenda kitu chenye hadithi. Kikiwa na hadithi inayogusa, bei inapanda yenyewe. Hii alikuwa anaifanyia nini?"

Happiness alimtazama mama yake. Dismasi alitazama chini. Hadithi ilikuwepo, tena ya kugusa. Ingewapa kodi na ziada, ingemlipia Feliksi bajaji za kwenda hospitali mpaka mwaka mwingine. Elida aliiona imeandikwa kwenye kikaratasi kidogo kizuri, imebandikwa ukutani juu ya meza, wageni wanaisoma wakisubiri samaki wao.

"Fremu za picha," alisema Elida.

"Fremu?"

"Za picha za harusi. Watu walikuwa wanapenda kijistari kile pembeni. Akimaliza fremu anakizungusha."

"Basi?"

"Basi, mama. Ni hivyo tu."

Bi Catherine alingoja kidogo, labda kuna zaidi, kisha akashusha simu. "Sawa. Fremu za harusi. Si mbaya." Akataja bei ya sanduku zima. Haikuwa ile ya mwanzo, na haikuwa ile ambayo hadithi ya kweli ingeleta, lakini ilitosha kumfanya Mzee Mwinshehe amwambie yule mpangaji mwingine asubiri mpaka Krismasi. Elida alikubali bila kubishana. Hakuwa na nguvu ya kubishana.

Kabla ya kijana wa mizigo kufunga sanduku, Elida aliinama kuitoa randa chini ya kidole cha mumewe. Kilikuwa kimeshika, kweli kimeshika, ilibidi akiinue taratibu. Alidhani Feliksi atakataa.

"Haya," alisema Feliksi, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia karakana akimaliza ubao mmoja na kumwita mtu alete mwingine.

Gari liliondoka. Dismasi alisema atabaki wiki moja zaidi, amsindikize kaka yake kwenye mazoezi, kama shemeji hana neno. Shemeji hakuwa na neno. Happiness alizipanga noti, akampa mama yake.

"Zifunge kwenye kitenge kama kawaida yako, mama. Twende kwa Mzee Mwinshehe kabla hazijapata kazi nyingine."

Elida aliushika upindo. Fundo la juzi jioni lilikuwepo, dogo, jepesi kana kwamba halina kitu. Alilipapasa kwa kidole, akauachia upindo uanguke, akamrudishia binti yake zile noti.

"Shika wewe," alisema. "Huku kuna kitu."